Namna ya Kumgeuza Mtu

Siku Mzee Twaha alipomwangukia marehemu Mwishehe, Tandika nzima ilipata maelezo kamili kabla jeneza halijafika makaburini. Wapo waliosema mzee kalewa. Wapo waliosema sukari imemshuka. Na wale wajuaji hasa, ambao Tandika haijawahi kupungukiwa nao, walisema marehemu ndiye aliyemkataa: eti wawili hao waligombea mpaka wa kiwanja tangu zama za Azimio, na Mwishehe kaondoka na kinyongo chake. Walieleza hayo kwa uhakika mkubwa, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ndani ya pazia.

Waliokuwa ndani ya pazia ni Twaha mwenyewe, mtoto mkubwa wa marehemu, na Mudathir, msaidizi wa mwosha. Twaha alishamaliza kichwa na shingo. Akamshika marehemu bega na nyonga ili amlaze ubavu wa kushoto, apate kuosha upande wa kulia, kama alivyowafanyia watu wasiohesabika wa Tandika, Mtoni na Yombo. Akainama. Mara ukuta ukaanza kukimbia, ukakimbia mzima mzima na pazia lake na ndoo zake. Akaitafuta ardhi kwa miguu asiipate, maana miguu yenyewe ilishakufa ganzi siku nyingi. Ukuta uliposimama, alikuwa amelala kifua kwa kifua na Mwishehe, mkono mmoja umezama kwenye mfuo, lile shimo linalopokea maji ya kuoshea. Mtoto wa marehemu, mwanaume mzima mwenye mvi, alipiga kelele akakimbia. Mudathir, ambaye kazi yake ni kusaidia, alimruka mzee akatoka nje kuwaambia watu.

Rukaiya, binti wa Twaha, alikuwa mezani kwake sokoni akiuza mitumba. Habari ilimfikia kwa mteja aliyekuwa anajaribu koti zito la baridi katika jua la saa saba.

"Umesikia lakini? Mwosha kalewa, kamlalia maiti," mteja alisema huku akijitazama mikono. "Hili hamna la bluu?"

Rukaiya alimvua lile koti, akafunga mzigo wake, akaenda nyumbani.

Mzee Twaha hakuwa mtu wa kupendeza, na hilo lisemwe mapema. Alidharau watu. Aliwadharau waliofunga sanda bila kuikaza, waliochimba kaburi likapinda, waliopika wali wa msibani ukashika chini. Alikuwa amefanya kazi bandarini miaka mingi, kisha walipokuja kupunguza watu wakampunguza naye, na tangu hapo kilichombakia ni kuosha wafu. Kazi hiyo haikumtajirisha. Ilimpa mahali. Alipopita barabarani watu walisimama kumpa shikamoo, na hata wenye maduka mapya walipunguza sauti za redio zao. Mwondolee kazi hiyo, akabaki mzee mwenye sukari, asiyesikia nyayo zake, aliyekaa barazani akisubiri uji. Rukaiya alilijua hilo kuliko yeyote. Alikuwa amerithi kwa baba yake kitu kimoja tu, nacho ni kutovumilia kazi mbovu, na kwa kitu hicho mume wake alishindwa kukaa naye.

Alimkuta baba yake kitini, kanzu imelowa, na mbele yake amesimama Shangazi Farida na chupa ya soda ya machungwa.

"Kunywa kaka. Kunywa yote. Imekushuka hiyo."

"Shangazi, nani kampima?"

"We Rukaiya, mtu anaanguka, anatoka jasho, utasubiri kumpima? Sie tuliambiwa kliniki kwa masikio yetu. Mwenye sukari akitetemeka, mpe kitu kitamu."

Ni kweli waliambiwa. Waliambiwa mwaka ule Twaha alipofunga Ramadhani huku anameza vidonge, akaanguka magharibi hata futari hajaigusa. Shangazi Farida alilibeba neno hilo moja kutoka kliniki akaliacha kila kitu kingine hukohuko. Tangu siku hiyo kaka yake akipiga chafya alipewa soda. Alikuwa mjane, mwema, mwenye imani, na wema wa namna hiyo umeshawazika wengi.

"Baba, unajisikiaje?"

"Nikilala, dari inazunguka. Nikigeuka kulia, inazunguka. Nikiinama ndiyo usiseme. Nikikaa hivi wima, mzima."

"Ndiyo sukari hiyo," alisema Shangazi Farida, akaongeza kijiko kwenye chai.

*

Kamati ya mazishi ya mtaa haikuchelewa. Ilikuja kumjulia hali, na ilikuja imevaa kofia zake zote. Mbele alikuwa Bwana Marijani, mwenyekiti, ambaye zamani aliuza mafuta ya taa kwa kopo, na tangu biashara zilipofunguliwa anauza redio za Dubai na anatembea taratibu. Nyuma yake alikuwa Mudathir. Mudathir alikuwa mtu wa makamo, mpole wa uso, asiyejua kazi yoyote kwa ukamilifu. Alikuwa fundi baiskeli, akawa dalali, akawa msaidizi wa mwosha, na kote huko alisifiwa kwa heshima yake.

"Mzee wetu," alianza Marijani, "sie hatukuja kwa ubaya. Mtu akishakuwa mkubwa, mwili nao una haki yake ya kupumzika."

"Nani mkubwa? Mie na wewe nani kamzidi mwenzake?" aliuliza Twaha.

Marijani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekuja na maneno yake tayari. "Watu wanasema mengi, mzee. Mie binafsi siamini mambo ya kinywaji."

"Kinywaji gani?"

"Nimesema siamini."

Rukaiya aliyekuwa anapanga vikombe akavibwaga kwenye sinia. "Bwana Marijani, kama huamini, umekileta cha nini humu ndani?"

"Mwanangu, wakubwa wanazungumza."

Mudathir alikuwa anautazama mkoba uliokuwa mapajani pa Twaha, mkoba wa turubai wenye mkasi, pamba, kafuri na vitambaa vya kazi. Aliutazama kama watu wanavyotazama sahani ya mwenzao. Mwishowe hakuweza kujizuia tena.

"Kama mzee angeniazima tu huo mkoba. Msiba ukitokea ghafla."

"Ukitokea ghafla utaniita," alisema Twaha.

Marijani akakohoa. Akasema basi, tumpe mzee nafasi. Lakini Ijumaa ya wiki inayokuja, baada ya swala, lazima watu wa mtaa watangaziwe nani mwosha wao, maana kifo hakingoji. Alisema *kifo hakingoji* kwa huzuni kubwa, akanywa chai, akachukua andazi la pili, akaondoka na watu wake. Mlangoni walivaa viatu wakizungumza bei ya redio.

Twaha alikaa na mkoba wake mpaka jioni. Alipojaribu kulala, dari ikamgeukia, akapiga yowe, na Shangazi Farida akaja na soda.

*

Rukaiya alimpeleka hospitali kubwa asubuhi ya pili, baada ya kubishana na shangazi yake aliyetaka waende kwenye zahanati iliyofunguliwa juzi mtaa wa nyuma. Huko kwenye zahanati kila anayeingia huwekewa dripu. Ukienda na jino unawekewa dripu, ukienda na mimba unawekewa dripu, na watu wanatoka wameridhika maana wameona maji yakiingia.

Hospitali walikaa kwenye benchi mpaka benchi likawa lao. Daktari alimpima Twaha damu, akaitazama karatasi, akamtazama Rukaiya kwa namna ya kumfanya atake kuingia chini ya meza.

"Sukari yake iko juu sana. Mnamlisha nini?"

"Wanampa soda. Wanasema inashuka."

"Wanasema. Wewe unaishi wapi, si nyumba hiyohiyo?" Akamgeukia Twaha, akamwuliza kizunguzungu kinakuja lini, kinakaa muda gani, upande upi. Twaha alimjibu vizuri, kwa mpangilio, maana kupenda mpangilio ndiyo tabia yake. Daktari akatikisa kichwa. Hicho kizunguzungu si cha sukari kushuka, alisema. Ni cha sikio. Sukari itarekebishwa kwa vidonge na kwa kuacha upumbavu, lakini kizunguzungu hakina kidonge. Aende chumba cha mazoezi ya viungo, akamwone Felicitas.

Felicitas alikuwa mwanamke wa bara, mpana wa mabega, aliyevaa koti jeupe lililombana na ambaye hakuwahi kumsihi mtu katika maisha yake. Alimwamkia mzee shikamoo kwa adabu zote, kisha adabu zikaishia hapo.

"Panda kitandani, mzee. Vua kofia. Nitakulaza ghafla, utaona dunia inazunguka, usinishike shati. Kila mtu ananishika shati."

Alimgeuza kichwa upande wa kulia, akamlaza kwa kasi, kichwa kikaning'inia nje ya ukingo wa kitanda, kimeshikwa katika viganja vyake. Twaha alipiga kelele. Macho yake yakaanza kurukaruka yenyewe, na Rukaiya akashika mdomo.

"Umeona macho hayo?" Felicitas alimwambia. "Ndani ya sikio kuna vijiwe vidogo, kama chenga za chumvi. Vikikaa mahali pake hata hujui kama unavyo. Vikichomoka vikaingia kwenye mfereji wa sikio, kila akigeuka navyo vinabingirika, na kichwa kinadhani nyumba ndiyo inayozunguka. Wenye sukari wanavipata sana. Na kwa kuwa miguu yao haisikii chini, mtu mwenye afya akiyumba anajishikilia, wao wanakwenda moja kwa moja. Mzee, niachie shati."

"Vinatolewaje?"

"Havitolewi. Vinarudishwa kwao. Tunamgeuza taratibu, vinateleza wenyewe mpaka vinatoka kwenye mfereji."

Kizunguzungu kikapoa. Felicitas akakigeuza kichwa kwenda kushoto, akangoja. Kisha akaweka mkono mmoja begani kwa Twaha na mwingine nyongani. "Sasa mwili mzima, ubavu wa kushoto, uso uangalie chini."

Hapo ndipo Mzee Twaha alipokakamaa. Mikono ile aliijua. Bega na nyonga, ubavu wa kushoto, ili upande wa kulia ubaki juu. Alikuwa ameifanya kazi hiyo nusu ya maisha yake, na kati ya wote aliowafanyia hakuna aliyewahi kuinuka. Akajisukuma akaketi, akayumba, akakamata kofia yake.

"Unanifanya nini?"

"Nakugeuza."

"Najua unanigeuza. Huko ni kumgeuza maiti! Mie ndiye ninayegeuza watu, mama. Mie sigeuzwi. Bado."

"Na mimi nageuza watu kila siku, mzee," alisema Felicitas, wala hakupandisha sauti. "Tofauti yetu ni kwamba wa kwangu wanaamka wanakwenda nyumbani."

Twaha alishatoka, anatembea kwa kushika ukuta. Rukaiya alibaki na aibu yake. Felicitas akamtazama, akavuta pumzi ya kuchoka, kisha akapanda mwenyewe kitandani na kumwonyesha hatua kwa hatua, akamlazimisha arudie mpaka alipoweza. "Mfanyie nyumbani kila siku mpaka kisije tena. Shingo usiilazimishe. Kinaweza kurudi mwakani, kikirudi mnarudia. Na hizo soda, mwambieni anayezinunua azinywe yeye."

*

Kwa siku tatu Twaha hakulala kitandani. Alilala kitini, kidevu kifuani, mkoba mapajani. Swala aliswali kwa kukaa, kwa ishara ya kichwa tu, na kila alipomaliza uso wake ulikuwa mbaya zaidi. Watoto wa jirani walijifunza kuigiza namna mzee anavyoyumba, na wazazi wao walicheka kwanza ndipo wakawakemea. Mudathir naye alipita mbele ya baraza mara kwa mara akiuliza hali kwa sauti ya upole, na Rukaiya alitamani kummwagia maji machafu.

Alijaribu kumbembeleza baba yake, haikufaa. Alijaribu kumtisha na Ijumaa, haikufaa. Ndipo akakumbuka yeye ni mtoto wa nani.

Shangazi Farida alikuwa na kawaida ya kwenda kupanga foleni ya maji baada ya adhuhuri, na foleni hiyo ilikuwa ndefu. Alipoondoka tu, Rukaiya alivuta pazia la chumbani.

"Baba, shingo imekukaza. Jilaze kidogo tu niinyooshe, halafu unarudi kitini kwako."

Twaha alikuwa amechoka. Akajilaza, akafumba macho dunia ilipogeuka, akalaani. Rukaiya akangoja ipoe. Akamgeuza kichwa kushoto, akangoja tena. Kisha akamkamata mkono wa kulia akauvuta, kama anavuta robota la mitumba kutoka kwenye mkokoteni.

"We! Unavuta mkono?" Twaha alifumbua macho. "Nani kakufundisha kuvuta mkono?"

"Yule mama wa hospitali."

"Muongo, au hajui kazi. Mkono hauvutwi! Unataka kunichomoa bega? Bega na nyonga, vyote kwa pamoja."

"Hivi?"

"Siyo hivyo! Umesahau kichwa. Kichwa kinafuata, hakibaki nyuma. Weka kiganja chini ya shavu. Siyo. Rudia."

Rukaiya akarudia. Akarudia vibaya makusudi, mpaka mzee akapandwa na hasira za kweli, akawa anajigeuza mwenyewe ili amwonyeshe. Hapo alikuwa amelala ubavu wa kushoto, uso chini, dunia inamzunguka, jasho linamtoka, na bado anatoa makosa. Alipoketi wima ndipo alipotambua alichofanyiwa. Akamgeukia binti yake.

"Umenichezea akili."

"Ndiyo, baba."

"Kesho usivute mkono," alisema.

Wakawa wanafanya hivyo kila siku, foleni ya maji ikiwa ndefu, pazia limefungwa. Twaha aliweka sharti moja tu, kwamba mtu yeyote asijue. Afadhali watu waseme kalewa kuliko waseme wamemwona analazwa na kugeuzwa kama maiti. Rukaiya alizifungua zile soda zote moja moja akazimwaga chooni, na Shangazi Farida akamwambia mbele ya jirani kwamba anamuua baba yake ili arithi nyumba ya udongo. Siku ya kwanza kizunguzungu kilikuwa kilekile. Siku zilizofuata kikaanza kufupika. Jumatatu mzee alilala kitandani mpaka asubuhi. Jumanne, Rukaiya akiwa uani, alimwona kwenye mkeka wa swala akiteremka polepole, akaweka paji la uso chini, akakaa hapo zaidi ya kawaida. Aliporudi juu macho yalikuwa yamelowa. Rukaiya akajifanya anatafuta ufagio.

*

Alhamisi, siku moja kabla ya tangazo la Marijani, maji yalikatika bombani.

Shangazi Farida akarudi mapema na ndoo tupu, akaingia, akavuta pazia. Akamwona kaka yake amelala chali, kanga imemfunika mpaka kifuani, kichwa kinaning'inia nje ya kitanda katika mikono ya binti yake, mdomo wazi kidogo, macho yamekodoka juu wala hayapepesi. Hayakupepesa kwa sababu Twaha alikuwa anakingoja kizunguzungu. Alikuwa anakingoja kwa makini sana, na kilikuwa hakiji. Kisha Farida akamwona Rukaiya anaweka mkono begani na nyongani, anamlaza ubavu wa kushoto.

Ndoo ikaanguka. Yowe alilopiga lilisikika mpaka sokoni.

"Shangazi, subiri—" Lakini shangazi alishafika barabarani, mikono kichwani, anamwita mama yake.

Twaha aliketi wima. "Hakikuja," alisema. "Rukaiya, hakikuja kabisa."

"Baba, nitoke nikawaambie."

Nje miguu ilishaanza kukimbia. Sauti ya kwanza iliuliza, "Nani?" Ya pili ikajibu, "Mwosha. Si nilisema?" Twaha aliinua kidole.

"Funga mlango. Nataka kusikia."

"Ni dhambi, baba."

"Dhambi yao. Mie nimekaa kitandani kwangu."

Mtu mwenye huruma angetoka. Rukaiya aliusikiliza moyo wake, akaona hana huruma hata ya kuweka kwenye kiganja. Alizikumbuka kofia za kamati, na watoto walioyumba barabarani, na mteja wa koti. Akafunga mlango wa chumba, unaotokea nje, kwa komeo, akakaa chini, mgongo kwenye mlango. Walipobisha akajibu, "Subirini kwanza," kwa sauti iliyotetemeka kwa kicheko, nao wakadhani ni kilio.

Tandika ikafanya inachokijua. Majamvi yakaja. Turubai likaja. Sufuria kubwa ikaazimwa, na ugomvi ukatokea kuhusu nani aliirudisha mara ya mwisho bila kuisugua. Kisha ikasikika sauti ya Marijani, ile taratibu.

"Marehemu alikuwa mtu wa watu. Nani hapa ambaye wazazi wake hawakufikiwa na mikono ile? Alikuwa na mapungufu yake, kama binadamu. Yale ya siku za mwisho, kinywaji na nini, tuyafunike."

"Huyu," Twaha alinong'ona, "mama yake nilimtia pamba za puani upya, maana mara ya kwanza alimlipa msaidizi azitie, akakosea."

Sauti ya Mudathir ikaja karibu na dirisha. "Mkoba wake si utakuwa humo ndani? Na zile kanzu zake. Sijasema mie, bwana, ndiyo desturi, nguo za marehemu ni za mwosha. Ile kanzu ya Maskati hasa."

"Ngoja kwanza aoshwe," Marijani alisema.

"Naam. Nasema tu isije ikapotea."

Twaha alitabasamu. Alikuwa anasikiliza kama mtu aliyekaa karibu na redio saa ya taarifa ya habari. Lakini katikati ya sauti zile zote kulikuwa na moja ambayo haikuwa inasema maneno ya msibani. Shangazi Farida alikuwa amekaa ukutani nje ya chumba, analia kwa kwikwi, anajisemea peke yake. "Ningemnunulia nyingine. Walimwaga ile, ningemnunulia nyingine. Kaka yangu, nimebaki na nani mie?"

Twaha akaacha kutabasamu. Akavaa kanzu na kofia.

"Fungua," alisema.

Mudathir ndiye aliyekuwa mbele ya mlango, mikono ya shati ameikunja, ndoo mkononi. Mlango ulipofunguka akakutana uso kwa uso na marehemu aliyevaa kanzu ya Maskati. Ndoo ikamponyoka, nusu ya maji ikamwagika. Wanawake wakapiga mayowe mapya, ya aina nyingine. Waliokuwa karibu na barabara wakaondoka, na mwenyekiti wa kamati alirudi nyuma mpaka akakanyaga moto wa sufuria.

"Asalaam alaykum," alisema Mzee Twaha.

Wakajibu, kwa mazoea. Twaha akamwendea dada yake, akamshika kichwa. "Nipo. Acha kulia. Nilikuwa nafanyiwa dawa ya sikio." Farida akamshika pindo la kanzu asitake kuliachia. Kisha Twaha akarudi kwa Mudathir, akatia vidole ndani ya ndoo.

"Baridi."

"Mzee, sie tulidhani—"

"Ungeniosha na maji ya baridi? Mkunazi wa kutia kwenye maji uko wapi? Hata jani moja?" Akaitazama ile mikono ya shati iliyokunjwa. "Lala."

"Nilale wapi?"

"Jamvini. Umekuja na ndoo, na kazi hujui. Lala nikufundishe."

Mudathir akamtafuta Marijani kwa macho. Marijani alikuwa anakagua kiatu chake kilichoungua. Watu wote wa mtaa walikuwa wamesimama, wale wale waliojua kalewa, waliojua sukari, waliojua maiti kamkataa. Mudathir akalala chali, polepole, ameweka mikono kifuani kana kwamba anahofia kuipoteza.

Mzee Twaha akainama. Aliinama kutoka kiunoni, kichwa chini kabisa, bila kushika mtu wala ukuta. Rukaiya mlangoni aliitazama ile miguu isiyosikia chini. Ilisimama.

"Bega na nyonga," alisema Twaha, akamgeuza Mudathir kushoto. "Mkono hauvutwi. Kichwa kinafuata. Maiti hawezi kukwambia unamwumiza, kwa hiyo ujue mwenyewe." Akamrudisha, akamgeuza kulia, akamrudisha. Alifanya taratibu, kwa upole ambao Tandika haikuwahi kuuona kwa kuwa siku zote ulikuwa nyuma ya pazia. Mudathir alifumba macho.

"Kaka," Farida aliita, "unywe basi hata nusu chupa, usije ukaanguka."

"Mpe huyu. Ndiye aliyepauka."

Watu wachache wakacheka, wakanyamaza walipoona mzee hacheki. Alikuwa amesimama wima, anavuta pumzi, anamtazama Mudathir akiinuka na kujikung'uta. Rukaiya alidhani sasa atamfukuza. Yeye angemfukuza. Lakini Twaha alivua kofia akampa binti yake, akashika goti, akateremka, akalala chali juu ya jamvi mbele ya mtaa mzima.

"Haya," alimwambia Mudathir. "Na wewe nigeuze mie. Maana siku moja utanigeuza kweli, na sitaki kuvutwa mkono."

Mudathir akapiga magoti. Akaweka mkono begani, akaweka mwingine nyongani, akamlaza mzee ubavu wa kushoto. Rukaiya aliyaona macho ya baba yake. Yalikuwa wazi, yametulia, yanautazama uzi mmoja wa jamvi uliochomoka.

"Kichwa umekiacha nyuma," alisema Mzee Twaha. "Rudia."